Fundi bomba anapofunga maji na kuwasha moto: Nundu inahitaji saa moja ya ulinzi

Kabla ya kusudea bomba linalovuja, fundi yeyote anayejua kazi hufunga maji kwanza. Bomba likiwa na maji ndani halishiki joto, na risasi haiyeyuki vizuri. Kwa hiyo fundi anazunguka nyuma ya nyumba, anafunga robine kubwa, anamwaga maji yaliyobaki ndani ya bomba, halafu anawasha moto wake. Watu wachache hulifikiria jambo hili: dakika ile moto unapoingia ndani ya nyumba, ndiyo dakika nyumba hiyo imekatiwa maji.

Mjini kwenye kikosi cha zimamoto, kosa hilo linaweza kupata wa kulisahihisha. Nundu, hapana. Kijiji hiki cha wilaya ya Fizi, kilicho kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka, hakina gari la zimamoto la kupigiwa simu. Nyumba ikishika moto, wanaokuja ni majirani wenye ndoo na mabeseni, na mara nyingi wanakuta paa limekwisha kuanguka. Ndiyo maana usalama wa nyumba ambayo fundi anafanyia kazi uko mikononi mwa watu wawili tu: fundi mwenyewe na yule aliyemwita.

Kazi ya maji inaongezeka katika ukanda huu. Hospitali, vituo vya afya, shule, makanisa na nyumba za watu binafsi zinaomba bomba liingie ndani. Katika ukanda huo huo kuna kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Penye watu wengi ndipo panahitajika robine nyingi, na kila robine itaharibika siku moja na kuitiwa fundi. Hiyo ni habari njema, kwa sababu maji safi yanaokoa maisha. Lakini kila tengenezo linalofanywa kwa moto linaleta hatari yake, na hatari hiyo haijaandikwa popote katika mapatano kati ya fundi na mwenye nyumba.

Moto wa aina tatu

Fundi bomba wa Nundu hutumia moto kwa namna tatu. Ya kwanza ni kusudea kwa risasi, kwenye bomba la shaba au kwenye bati, kwa kutumia shalumo ya gesi, taa ya kusudea inayotumia esansi, au chuma kilichopashwa kwenye makala. Ya pili ni kusudea kwa umeme, pale bomba la chuma, mlingoti wa tanki au mlango wa kisima unapounganishwa kwa kutumia jenereta. Ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote: kupasha bomba la plastiki juu ya moto ili lipanuke au lipinde.

Kila moja ina ubaya wake. Risasi ya bati inayeyuka kwenye joto la nyuzi 230 hivi. Mbao kavu huanza kuwaka kwenye nyuzi 250 hadi 300. Lakini mwali wa shalumo ya gesi unakaribia nyuzi 1,900, na cheche ya umeme inapita nyuzi 3,000. Kwa maneno mengine, fundi anabeba mkononi joto kubwa mara nyingi kuliko lile analohitaji, na kila kilicho nyuma ya kiungo kinapokea ziada hiyo: ukuta wa mbao, plafo ya tripleksi, pazia, nyasi za paa, au turubai.

Bomba la plastiki lina hatari nyingine. Linalainika kwenye nyuzi 80 tu, chini ya joto la maji yanayochemka. Hakuna sababu ya kuliweka juu ya mwali wa moto. Likiungua linatoa moshi wenye tindikali unaochoma macho na mapafu, na anayeuvuta ni fundi pamoja na kijana anayemshikia bomba. Zaidi ya hapo, kopo la gundi ya plastiki huwa wazi pale pale pembeni, na mvuke wa gundi hiyo unashika moto haraka kama esansi. Manshoni moja ya dukani inafanya kazi hiyo hiyo bila kiberiti. Kwa bomba dogo, maji ya moto yanatosha.

Moto unaojificha

Mafundi wengi wazoefu wana jibu moja kwa maonyo ya namna hii: wamefanya kazi miaka mingi na hawajawahi kuunguza nyumba ya mtu. Inawezekana ni kweli. Lakini jibu hilo linachukulia kwamba moto wa kusudea huwaka mbele ya macho ya fundi. Mara nyingi hauwaki hapo.

Chuma na shaba hubeba joto. Fundi akipasha kiungo kilichoko jikoni, joto linatembea ndani ya bomba, linapita ukutani na kutokea upande wa pili, chumbani, ambako bomba limegusa mbao au limefunikwa kwa nguo. Cheche nayo hairuki na kufa tu. Inaingia katika ufa wa ukuta, inaangukia kwenye maranda ya seremala, kwenye nyasi kavu, kwenye gunia au kwenye vumbi lililojaa juu ya plafo. Huko haiwaki mara moja. Inafuka polepole bila mwali, pengine hata bila moshi wa kuonekana. Fundi anakusanya vyombo vyake, analipwa, anapanda pikipiki na kwenda. Mwali unatokea baada ya nusu saa au zaidi, wakati mama wa nyumba yuko ziwani na watoto wamelala.

Kwa sababu hiyo, nchi zilizojifunza kwa hasara zimeweka kanuni mbili rahisi kwa kazi zote za moto. Kanuni za Marekani zinataka kila kinachoweza kuungua kiondolewe umbali wa mita 11 kutoka mahali pa kazi, na kisichoondoleka kifunikwe kwa kitu kisichoshika moto. Zinataka pia mtu abaki akilinda baada ya moto kuzimwa. Zamani ulinzi huo ulikuwa wa nusu saa, na tangu mwaka 2019 chama cha Marekani kinachotunga kanuni za kuzuia moto kimeuongeza kuwa saa nzima. Muda haukuongezwa kwa kupenda urasimu. Nusu saa ilionekana kuwa fupi mno kwa moto unaofuka.

Hata mahali penye vifaa vyote hakuna aliyesalimika kwa jina lake. Aprili 11, 1996, mafundi walikuwa wakisudea kwenye barabara iliyopita juu ya jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani. Matone ya chuma kilichoyeyuka yalipenya chini hadi kwenye plastiki iliyojazwa juu ya dari. Moto ulienea humo kabla ya watu wa chini kuelewa kinachotokea. Watu 17 walikufa, wengi wao kwa moshi. Kama hilo lilitokea katika jengo lenye ving'ora na kikosi chake cha zimamoto, nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa nyasi haina cha kujivunia.

Kiangazi kinaongeza hatari. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unapiga kwenye Ziwa Tanganyika, nyasi zinakauka, na paa linalowaka linaweza kurusha majivu ya moto hadi nyumba ya tatu. Fundi anayesudea nje mchana wa upepo hahatarishi nyumba ya mteja wake peke yake. Anahatarisha mtaa mzima.

Somo la Sange na la Bujumbura

Wakaaji wa Uvira na Fizi hawahitaji kufundishwa na Ujerumani maana ya moto. Julai 2, 2010, gari la kubeba esansi lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara hii hii namba 5. Watu walisogea, wengine wakichota mafuta yaliyomwagika, na wengine walikuwa kwenye vibanda karibu na hapo wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230. Wengi wao hawakuwa wamegusa esansi hata kidogo.

Sange haikuwa ajali ya fundi bomba. Lakini ilifundisha kitu ambacho kila fundi bomba anapaswa kukishika: mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na unaufuata moto pale ulipo. Ndiyo maana taa ya kusudea haijazwi esansi ikiwa bado ya moto, wala bidoni ya esansi ya jenereta haiwekwi chumba kimoja na shalumo. Na ndiyo maana pipa lililowahi kubeba esansi au mazutu si pipa tupu, hata likigeuzwa juu chini. Ndani yake umebaki mvuke. Katika vijiji vingi, mapipa ya namna hiyo hukatwa na kusudewa ili yawe matanki ya maji. Fundi anayegusa pipa hilo kwa moto bila kuliosha kwa maji ya moto na sabuni, kulifungua wazi na kulijaza maji karibu na mahali pa kukata, anasudea bomu. Lililo bora ni kukataa kabisa kulikata kwa moto. Pipa ambalo limebeba mafuta halifai kwa maji ya kunywa hata hivyo.

Ng'ambo ya ziwa kuna somo la pili. Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura liliungua. Huo ni mji mkubwa wenye magari ya zimamoto, na Rwanda ilituma helikopta kusaidia. Soko liliteketea hata hivyo, na wafanyabiashara wa pande zote za ziwa walipoteza mali. Moto ukishakua mkubwa, vifaa vingi havitoshi. Ukiwa mdogo, ndoo moja inatosha. Tofauti kati ya hayo mawili ni dakika chache, na ni yule aliyepo tu anayeweza kuzitumia.

Vifaa vinavyopatikana Nundu

Wapo watakaosema kwamba kanuni hizi ni za matajiri. Ukweli ni kwamba karibu kila kinachohitajika kipo kijijini.

Ndoo mbili za maji zijazwe kabla robine kubwa haijafungwa, ziwekwe pale pale kazini, na zisitumiwe kunawa mikono. Ndoo ya tatu iwe ya mchanga mkavu, kwa sababu maji hayamwagwi juu ya esansi inayowaka wala juu ya waya wenye umeme. Kipande cha tole kiwekwe nyuma ya kiungo, kikiwa na nafasi kati yake na ukuta, ili mwali usiguse mbao. Matambara yaliyoloweshwa yazungushwe kwenye bomba pande zote mbili za kiungo, joto lisitembee. Majani, maranda, makaratasi na magunia yafagiliwe. Mapazia na magodoro yatolewe nje. Watoto wawe mbali.

Fundi avae nguo ya pamba yenye mikono mirefu. Nailoni inayeyuka na kushikamana na ngozi. Avae miwani na glavu za ngozi. Anaposudea bomba linalopita ukutani, awepo mtu upande wa pili wa ukuta akitazama na kugusa. Jenereta ikae nje, na mafuta yake mbali zaidi. Chupa ya gesi isimame wima, ipimwe kwa povu la sabuni kama inavuja, na isipimwe kwa kiberiti kamwe. Kazi ya moto imalizike mapema, ili saa ya ulinzi isiangukie gizani.

Na kabla ya yote hayo, fundi ajiulize kama moto unahitajika. Bomba nyingi zinaweza kuunganishwa kwa nyuzi za kufinyanga kwenye chuma, kwa manshoni, au kwa viungo vya kubana. Kiungo kinachoweza kutolewa nje kisudewe uani, kisha kirudishwe ndani kikiwa kimepoa.

Atakayelipa saa ile

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Ndoo, mchanga na tole havina gharama kubwa. Kilicho ghali ni ile saa moja ya kukaa bila kufanya kitu. Fundi wa Nundu analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Akikaa kwa mteja wa kwanza akitazama ukuta uliokwisha kupoa, anampoteza mteja wa pili, na pengine chakula cha jioni. Kumwambia awe mwangalifu bila kugusa swali hilo ni kumwachia mzigo mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mapatano.

Saa hiyo inapaswa kulipwa na mwenye nyumba, kwa sababu nyumba inayolindwa ni yake. Iandikwe kwenye karatasi ya makadirio ambayo mafundi huiita devi, chini ya bei ya bomba na ya risasi: ulinzi baada ya moto, saa moja. Mwenye nyumba asiyeweza kuilipa anaweza kuifanya mwenyewe. Fundi amwonyeshe mahali moto ulipopita, pande zote mbili za ukuta na juu ya plafo, amwachie ndoo zikiwa zimejaa, na maji yafunguliwe tena kabla ya fundi kuondoka. Mwenye nyumba akae hapo, aguse ukuta kila baada ya dakika kumi, anuse kama kuna moshi. Kinachokatazwa ni wote wawili kuondoka.

Mashirika yanayojenga vituo vya maji, madarasa na vituo vya afya katika ukanda huu yana wajibu mkubwa zaidi. Yao ndiyo mikataba iliyoandikwa, na yao ndiyo bajeti. Shirika linalotoa pesa za kununua saruji na bomba halikosi pesa za ndoo, glavu na saa moja ya ulinzi. Likiweka sharti hilo katika mikataba yake, mafundi watalizoea na kulipeleka hadi kwenye nyumba za watu. Hospitali na shule nazo zisimruhusu fundi kuwasha moto kabla ya msimamizi wa jengo kufika, kutazama na kutia sahihi.

Serikali haiwezi kujitoa. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya Oktoba 16, 2002, inazungumzia afya na usalama kazini. Lakini imeandikwa kwa ajili ya mwajiri na mwajiriwa, na fundi anayetembea na mfuko wake wa vyombo kutoka Nundu hadi Mboko hana mwajiri. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, ipo ili kuwafundisha wafanyakazi, ila vijana wengi wa Fizi hujifunza ufundi kwa kumfuata fundi mkubwa na kumshikia bomba. Wanarithi ujuzi wake na wanarithi mazoea yake mabaya pia. Siku mbili za mafunzo ya usalama, zikiletwa kijijini badala ya kuwangoja vijana mjini, zingefika mbali. Mafundi wenyewe wanaweza kuanza bila kungoja. Wakikubaliana katika chama chao kwamba hakuna anayesudea bila ndoo na bila saa ya ulinzi, mteja hatapata fundi wa bei rahisi wa kuwashindanisha naye.

Mtu akiungua

Hata kwa tahadhari zote, kuna siku mkono utateleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Dakika za kwanza zina uzito mkubwa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Pete na saa zivuliwe kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi isivutwe. Jeraha lisipakwe dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo. Lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kwenye kituo cha afya au hospitali ya Nundu bila kungoja asubuhi. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na ndoo za maji karibu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa radi, pengine. Moto wa kusudea una kinga yake, nayo inajulikana: ndoo zilizojazwa kabla ya robine kufungwa, mahali palipofagiliwa, na mtu mmoja anayebaki saa moja baada ya mwali kuzimwa. Mwenye nyumba wa Nundu atakayemwita fundi wiki hii ana swali moja la kumuuliza kabla ya kupatana bei: ni nani kati yao wawili atakayebaki.